Ndege Ambayo Haikuuliza Nani Atanibeba

Barua ilifika shuleni siku ya Jumatatu, ikiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema nimepewa nafasi ya kusoma miaka miwili katika chuo kikuu huko Montréal, Kanada, kisha nirudi kufundisha walimu wa hesabu. Ya pili ilikuwa ya masharti. Mwanafunzi ataishi peke yake katika chumba cha chuo, atajipikia, atajifulia. Tikiti ya ndege watalipa wao, ila kampuni ya kusafiri nayo niichague mwenyewe, maana hawakujua ndege gani zinapatikana upande wetu. Mwishoni kulikuwa na mstari mdogo: ikiwa hali ya afya ya msafiri inadai msindikizaji, tikiti ya msindikizaji nayo italipwa.

Mstari huo ndio uliotuletea matata nyumbani.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifundisha hesabu katika lise, yaani sekondari, ya wasichana ya masista kule Ibanda, mjini Bukavu, na wanafunzi wangu waliniogopa kidogo, jambo ambalo sikulichukia. Polio ilinipitia nikiwa mtoto mdogo ikaniachia mguu mmoja mwembamba kama fimbo na mwingine wenye nguvu nusu. Nilitembea kwa magongo mawili, na mguu ule mwembamba niliufunga katika chuma cha kuusimamisha, tulichokiita apareyi. Kwa apareyi hiyo na magongo hayo nilipanda na kushuka vilima vya Bukavu kila siku, na anayeijua Bukavu anajua kwamba mji ule hauna barabara ya kumhurumia mtu.

Papa alikuwa amekwisha kufa. Mdogo wake, tonton wetu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia. Alikuwa karani katika ofisi ya mkoa, mtu wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kwa kuwa hiyo ilikuwa miaka ya Zaïre, tai zilipigwa marufuku na sote tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani raia. Jioni ya siku ile maman alimsomea barua. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Maman alipofika kwenye ule mstari mdogo, akayafumbua.

"Rudilia hapo," akasema.

Maman akarudia.

"Basi, Mungu amesema. Pasipoti yangu nitaanza kuifuata kesho."

"Tonton," nikasema, "barua inasema *ikiwa*."

"Ikiwa nini? Miguu yako haionekani?"

Maman aliikunja barua. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Mudaka, alizoea kungoja maneno ya wanaume yaishe ndipo afanye lake. Mimi sikuwa na uvumilivu huo. Nilimwambia tonton kwamba karatasi ile ile iliyotaja msindikizaji ilisema pia kwamba nitaishi peke yangu. Nikishindwa kupanda ndege bila mtu, nani Kanada ataamini kwamba naweza kupanda ngazi za chuo bila mtu? Wataninyima nafasi, na watakuwa na haki.

"Watu wa Ulaya hawafikiri hivyo," akajibu tonton, ambaye hakuwahi kufika Ulaya wala Kanada. Wiki iliyofuata tayari alikuwa kwa fundi, anapimwa abakosti mpya ya baridi.

Nikaenda kutafuta ndege.

Bukavu ilikuwa na ajansi moja ya safari ambayo watu waliiamini, chumba chenye viti vitatu na picha za ndege ukutani. Mwenye meza alikuwa bwana mnene, mwenye adabu, mwenye haraka. Aliangalia magongo yangu kabla ya kuangalia uso wangu.

"Citoyenne, kwa mtu kama wewe njia ziko mbili," akasema. "Unapanda hapa Kavumu, unaenda Kinshasa, kutoka Kinshasa unapanda ndege kubwa ya kwenda Brussels. Lakini hiyo kampuni inaomba msindikizaji. Ao unaenda na gari mpaka Kigali, kuko kampuni ingine, ndege safi, mpya. Ile pia inaomba msindikizaji."

"Imeandikwa wapi?"

"Inajulikana."

"Mimi nauliza imeandikwa wapi."

Alicheka kidogo, akagusa kitabu kinene kilichokuwa chini ya kiwiko chake. Humo, alisema, mna ratiba na sheria za kampuni zote za ndege.

"Naomba nikisome."

"Hiki ni cha kazi, citoyenne. Na kiko mu Kifaransa ya avoka, ya watu wa sheria."

"Nafundisha hesabu. Nimezoea vitabu ambavyo watu hawapendi kusoma."

Akakataa. Nikakaa. Niliweka magongo yangu sakafuni mbele ya kiti, ambako kila mteja aliyeingia alilazimika kuyaruka, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka ofisi ilipofungwa saa sita. Siku ya pili, ilikuwa likizo ya Pasaka, nikarudi na madaftari mengine. Bwana yule alikuwa na adabu nyingi kiasi kwamba hakuweza kumfukuza mwanamke mwenye magongo mbele ya watu, na mimi nililijua hilo, nikalitumia bila aibu. Maisha yangu yote watu waliniona kupitia yale magongo. Mara moja moja nayo yaliweza kunifaa.

Asubuhi ya tatu alinisukumia kitabu.

Nilisoma sheria za kampuni sita. Ile ya Kinshasa ilidai msindikizaji kweli. Ile ya Kigali ilidai msindikizaji na barua ya hospitali. Nyingine tatu hazikufika upande wetu kabisa. Ya sita iliondokea Bujumbura, mara moja kwa wiki, saa kumi alasiri. Ndege yake ilikuwa ya zamani. Ilisimama mara tatu njiani kabla ya Brussels, na huko ningebadili ndege kwenda Montréal. Lakini katika sheria zake kulikuwa na sentensi niliyoisoma mara nne, kidole kikiwa chini ya maneno: abiria anayeweza kupanda na kushuka kwa nguvu zake mwenyewe hatalazimishwa kuwa na msindikizaji, daktari akithibitisha.

"Hii," nikasema.

Bwana wa ajansi akakunja uso. "Ile? Citoyenne, ile ndege inasimama kila pahali kama Toyota ya soko. Wazungu wenyewe hawaipandi. Utachoka."

"Nichoke."

"Huko Kigali ndege iko mpya, chakula kizuri..."

"Bwana, chakula nitapika Montréal. Andika hiyo."

Aliandika. Akanipa karatasi ya kampuni, ya kujazwa na daktari, yenye maswali manne tu. La nne liliuliza kama msafiri anaweza kupanda ngazi za ndege bila kushikwa.

Kulikuwa na daktari aliyetibu familia yetu tangu siku za papa. Nilimwachia karatasi kwa mwuguzi wake siku ya Jumatano, kwa sababu alikuwa na wagonjwa wengi. Ijumaa nikaichukua. Swali la nne lilikuwa limejibiwa kwa mwandiko mzuri wa wino: hapana, anahitaji msindikizaji wa kiume. Hakuwa amenitazama hata dakika moja. Na neno lile, *wa kiume*, halikuwa neno la daktari.

Nilimkuta tonton kwetu, anakunywa chai na maman. Nikaweka karatasi mezani.

"Ulienda kwa daktari."

Hakukana. "Nilienda. Mimi ni mukubwa wako."

"Ulimwambia aandike nini?"

"Ukweli. Nilimwambia ukweli." Akasimama, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeumia. "Nani alikubeba mugongoni? Miaka tatu! Kutoka kwetu ziwani mpaka shule, mvua, jua, matope, mimi. Marafiki yangu wananicheka, wananiita mama wa mutoto. Nilikuwa kijana, sijaoa, sikuwa hata na bibi. Leo nikiomba kupanda ndege moja nawe, inakuwa kosa?"

Ilikuwa kweli. Kabla masista hawajanipatia apareyi ya kwanza, mgongo wake ndio uliokuwa miguu yangu. Naikumbuka hata leo harufu ya shati lake, sabuni na jasho. Bila yeye nisingejua kusoma, na barua yenyewe isingekuja. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuliko kumpinga mtu mbaya.

"Tonton," nikasema, "ulinibeba niende shule. Nilienda. Nimesoma. Sasa unataka kunibeba mpaka wapi?"

"Mpaka ufike."

"Nimekwisha kufika miaka mingi. Wewe ndiye hujanishusha."

Alitoka bila kumaliza chai. Maman aliinua kikombe cha tonton, akakiosha taratibu, akakipangusa. Kisha akasema, bila kugeuka: "Kesho asubui nitaenda nawe kwa daktari."

Tulikwenda. Daktari alipokea wagonjwa kwenye ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani, na ngazi zilikuwa za mbao zilizolika katikati. Maman alimwita ashuke. Aliitwa mara tatu, akashuka amekasirika, koti jeupe halijafungwa.

"Muganga," maman akasema, "simama hapa chini. Angalia."

Nikapanda. Nilipofika juu nikageuka, nikashuka. Mbele yake nikapanda tena, kwa sababu nilikuwa na hasira na hasira ilinipa nguvu mikononi. Jasho liliniingia machoni. Niliposhuka mara ya pili alikuwa ameivua miwani yake.

"Mara ya tatu haitakuwa lazima," akasema kwa sauti ndogo. Akachukua karatasi mpya, akajibu maswali manne, na mbele ya swali la nne akaandika: ndiyo, nimeona mwenyewe.

Nilikuwa na majuma saba kabla ya safari. Lakini ngazi za ndege si ngazi za nyumba. Ni za chuma, zina mwinuko mkali, na zina matundu ambayo ncha ya gongo inaweza kuingia. Nyuma ya lise yetu kulikuwa na tangi la maji lililosimama juu ya nguzo, na ngazi ya chuma ya kulifikia, ya kufanana na ile niliyoiona katika picha za ajansi. Nikaanza kuipanda kila alasiri baada ya masomo. Fundi viatu wa mtaa wa Nyawera alinikatia vipira vipana vya magongo kutoka kwenye tairi la lori. Wanafunzi wangu walisimama chini wakihesabu ngazi kwa sauti, na nilipoteleza walinyamaza wote kwa pamoja, kimya kilichoniudhi kuliko kuteleza kwenyewe. Niliwakataza kunyamaza. Walitii, wakawa wakiendelea kuhesabu hata nikiwa nimekaa chini nikisugua goti.

Siku za kwanza kitenge changu kilinaswa na vyuma vya apareyi, mara mbili nikakaribia kuanguka kichwa chini. Nilihitaji suruali. Siku zile mwanamke mwenye suruali aliweza kusimamishwa na askari barabarani. Nikashona suruali nyeusi kwa mkono wangu, nikaamua kwamba siku ya safari nitavaa kitenge juu yake hadi uwanjani, na mbele ya ngazi nitakivua. Sista mkuu aliponiona nayo juu ya tangi aliinua macho mbinguni, kisha akaenda zake kana kwamba mbingu ndiyo aliyokuwa amekuja kuiangalia.

Siku ya safari tulitelemka bonde la Ruzizi kwa gari la kukodi, mimi na maman nyuma. Mbele, karibu na dereva, aliketi tonton. Hakuna aliyemwita. Alikuja asubuhi na mapema amevaa ile abakosti mpya ya baridi, akafungua mlango, akakaa. Bonde lile lina joto, na kufikia Uvira alikuwa amelowa kama aliyeogelea. Hakufungua hata kifungo kimoja. Tukafika Bujumbura hivyo hivyo.

Uwanjani mfanyakazi wa kampuni alisoma karatasi ya daktari, akasema iko sawa. Mvua fupi ilikuwa imenyesha na kukatika. Abiria walitembea kuelekea ndege, nami nikatembea nao, kwa mwendo wangu. Chini ya ngazi nilikuta wanaume wanne wenye kiti cha mbao.

"Kaa, madame, tukupandishe," mmoja akasema.

"Karatasi inasema napanda mwenyewe."

"Ngazi zimeloa."

"Nimeziona."

Nikafungua kitenge, nikakikunja, nikakitia katika mfuko wangu wa begani. Mmoja wao akaguna alipoiona suruali. Nikashika gongo moja kwa kwapa, lingine nikalibana pamoja nalo, mkono wa kushoto kwenye chuma cha pembeni, nikaanza.

Ngazi za kwanza zilikwenda vizuri. Katikati, chuma cha apareyi kikateleza juu ya maji, mguu ukatoka nje ya ngazi, nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja. Gongo moja likaanguka chini, likagonga lami. Nyuma yangu mtu alisonya. Mlangoni juu alikuwa amesimama kapiteni wa ndege, mzee mwenye nywele nyeupe, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa anahesabu ngazi zilizonibakia.

Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye roshani ya wasindikizaji. Ilikuwa ya tonton, ilikuwa imepasuka.

"Mumubebe! Mumubebe, ataanguka!"

Na kabla wale wanne hawajasogea, sauti nyingine, ambayo maisha yangu yote sikuwahi kuisikia ikipaa mbele za watu.

"Mumuache!" Ilikuwa ya maman. "Musimuguse! Mumuache!"

Wanaume wakasimama palepale. Mimi nilikuwa na uso kwenye chuma chenye maji, na moyoni sikuwa na sala wala wazo lolote zuri. Nilikuwa na hasira tu. Niliwakasirikia wanne wale, yule aliyesonya, daktari na mwandiko wake, mvua, na mguu wangu. Nikaurudisha mguu juu ya ngazi kwa kuishika suruali kwa vidole, kama mtu anayepandisha mzigo. Nikavuta pumzi.

"Nikupe mkono?" kapiteni akauliza kwa Kifaransa.

"Hapana. Nipe dakika."

"Chukua mbili."

Nikachukua moja. Kisha nikapanda zilizobaki kwa gongo moja, ngazi kwa ngazi, na nilipovuka mlango kapiteni alinisogezea njia, akamtuma mtu kulileta lile lililoanguka. Sikugeuka kuangalia roshani. Niliogopa kwamba nikimwona maman nitalia, na sikutaka kulia mbele ya yule aliyesonya.

Ndege ilisimama mara tatu kama tulivyoambiwa. Kiti kilikuwa kigumu, mpini wa meza yangu umevunjika, chakula kilikuwa wali wenye mchuzi usiojua chumvi. Nilijinyima maji kwa kuogopa safari ya chooni, mpaka kichwa kikaniuma, nikaona huo ni ujinga. Nikanywa bilauri mbili, nikaenda chooni nikishika migongo ya viti, nikarudi. Tulipofika Brussels, mapaja yalinichoma na mikono ilikuwa haikunjuki. Msichana wa uwanja alikuja na kiti cha magurudumu, akainama, akaniuliza kama ningependa kukaa. Nilimtazama. Alikuwa anangoja jibu kweli kweli, tayari kuondoka na kiti chake kama ningesema hapana. Nikakaa. Alinisukuma mpaka ndege ya Montréal na tukaongea njia nzima kuhusu viatu.

Kanada nilikaa miaka miwili. Barafu iliniangusha mara nyingi kuliko ngazi yoyote. Nilijipikia, nilijifulia, nikarudi na diploma yangu, nikafundisha walimu mpaka nywele zikageuka rangi.

Tonton alikaa karibu mwaka mzima bila kunijibu barua. Kisha akajibu moja, ndefu, yenye habari za kila mtu isipokuwa zake. Niliporudi alikuwa Bujumbura kunipokea, na alisubiri chini ya ngazi mikono ikiwa nyuma, ameikamata yenyewe kwa yenyewe isije ikaninyookea. Nilimwona anavyoteseka, nikashuka haraka kuliko nilivyopaswa.

Baadaye akaanza kuwasimulia watu wa Ibanda safari yangu. Katika masimulizi yake, ni yeye aliyesoma kile kitabu kinene cha ajansi, ni yeye aliyeiona ile sentensi, ni yeye aliyesema: mutoto wangu atapanda hii. Alisimulia vizuri, watu walipenda kumsikiliza. Nilimpenda sana, na kila mara nilimsahihisha, hata mezani, hata mbele ya padri.

"Ni mimi niliyechagua, tonton," nilikuwa nikisema.

"Ndiyo, ndiyo," alikuwa akijibu, kisha anaendelea palepale alipokuwa amefika.